Barua ya wazi kwa mabosi wa kampuni za programu huria: msiuze kisicho chenu

Wakuu, habari za kazi.

Nawaandikia nyie wakurugenzi, wajumbe wa bodi na wanasheria wa kampuni ambazo biashara yenu imesimama juu ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu), kuubadilisha na kuusambaza, kuanzia SUSE, Red Hat na Canonical mpaka Elastic, Redis, Mistral na wengine wa aina hiyo, na zaidi nyie ambao sasa hivi mna rasimu ya mkataba na kampuni kubwa ambayo mwaka jana tu mlikuwa mnaiita mpinzani. Sijaja kuwaambia msisaini. Najua barua kama hizi zikianza watu wanategemea kelele za Microsoft shetani, Oracle shetani, AWS ya Amazon shetani, mi sipo huko. Kazi yangu ni kuangalia seva, seva zenyewe ni Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na wanaozitumia wamekaa kwenye Windows, na muda mwingi naumalizia kuhakikisha hizo pande mbili zinaongea, sasa mkikaa na mpinzani mkaandikiana mkataba wa kufanya ziongee vizuri mimi nafaidika leo leo, sina sababu ya kuwazuia.

Ninachotaka mnisikie ni hiki, kuna vitu mnaenda navyo mezani ambavyo si vyenu peke yenu. Msimbo mnaouza umeandikwa na watu maelfu, wengine hamjawahi kuwalipa hata senti, wengine wameajiriwa na kampuni nyingine kabisa, na wote walitoa kazi yao kwa masharti yaliyoandikwa kwenye leseni. Mkienda kwa mpinzani uzeni huduma yenu kwa wateja, uzeni mafundi wenu, jina lenu, mafunzo, muda wenu, hivyo ni vyenu. Amani ya kisheria ya wale watu wengine wote hamna haki ya kuiuza, wala hamna haki ya kuinunua kwa ajili ya wateja wenu tu halafu wenzenu mkawaacha nje.

Hili limeshatokea, na tena kwa ukubwa, kwenye mkataba wa Novell na Microsoft wa mwaka 2006. Ngoja niukumbushe kwa kirefu maana madevelopa wengi wa leo walikuwa watoto wakati ule, na hata baadhi yenu mmeingia ofisini mkakuta mambo yameshapoa.

Novell ilikuwa kampuni ya Utah, Marekani, iliyotamba miaka ya 80 na 90 kwa NetWare, ule mfumo wa kuunganisha kompyuta za ofisini, halafu Windows ikaja ikaila hiyo soko. Mwaka 2003 ikatangaza inainunua SUSE, kampuni ya Linux ya Nuremberg huko Ujerumani, kwa dola milioni 210, na watu wengi wa Linux wakashangilia kwa sababu mkongwe mwenye hela na wateja wakubwa alikuwa ameingia upande wetu. Novemba 2005 Novell hiyo hiyo, pamoja na IBM, Red Hat, Sony na Philips, wakaanzisha Open Invention Network, chombo cha kukusanya patenti, hati za kumiliki uvumbuzi, na kuzifanya ngao ya Linux kwa yeyote anayekubali na yeye asiwashitaki wenzake. Yaani njia ya kujikinga kwa pamoja walikuwa wanaijua, wao wenyewe ndo waliosaidia kuijenga. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Novemba 2006, Ron Hovsepian, bosi wa Novell, na Steve Ballmer, bosi wa Microsoft, wakasimama pamoja San Francisco kutangaza ushirikiano wao. Ballmer huyu ndo yule aliyeifananisha Linux na kansa mwaka 2001.

Sehemu kubwa ya mkataba haikuwa na shida yoyote. Kufanya Windows iendeshwe ndani ya SUSE na SUSE ndani ya Windows, kufanya nyaraka za Word na za OpenOffice zifunguke pande zote, hayo yalihitajika sana, na mwaka uliofuata wakafungua maabara ya pamoja Cambridge, Massachusetts. Microsoft ikakubali kutoa dola milioni 240 kununua vocha za SUSE Linux Enterprise iwagawie wateja wake, na vocha zikawafikia kina Deutsche Bank, Credit Suisse, Wal-Mart. Hiyo ni biashara, sina neno nayo.

Shida ilikuwa kwenye patenti. Microsoft ikalipa dola milioni 108, Novell ikakubali kulipa angalau milioni 40 ndani ya miaka mitano, na kila mmoja akaahidi kutowashitaki wateja wa mwenzake. Hapo kwenye neno wateja someni mara mbili. GPL, leseni ambayo Linux inatolewa chini yake, toleo la 2, kifungu cha 7, inasema kama umebanwa na masharti ya patenti yanayokuzuia kumpa mwingine programu kwa uhuru ule ule ulioupata, basi usiisambaze kabisa. Sasa Novell ikipewa yenyewe leseni ya patenti ingegonga kile kifungu, kwa hiyo ahadi ikairuka Novell ikaenda moja kwa moja kwa mteja, Microsoft inamwahidi mteja wa Novell, Novell inamwahidi mteja wa Microsoft, na kwenye karatasi hakuna aliyempa mwenzake leseni. Maneno ya GPL hayakuguswa. Lakini lile GPL iliyoandikiwa, kwamba anayepokea ana haki sawa na aliyempa, likawa limetobolewa, maana Linux ile ile, mistari ile ile ya msimbo, ukiichukua kwa Novell una kinga na ukiichukua kwa Debian, Linux ya watu wa kujitolea, huna.

Waandishi wenyewe wa msimbo wakatengewa ahadi yao pembeni. Ilimlinda mtu anayeandika bila kulipwa kwa matumizi yake binafsi, na anayechangia openSUSE, mradi wa wazi wa SUSE, kwa kile tu kitakachoingia kwenye bidhaa ya Novell. Aliyeajiriwa Red Hat, aliyeajiriwa IBM, fundi anayejitegemea ambaye mteja anamlipa kurekebisha programu, wote hao nje, na ndo wao wanaoandika sehemu kubwa ya kerneli, kiini cha Linux. Watu walikasirika na mi naona walikuwa na haki, kwa sababu walisikia kutoka kwenye taarifa ya habari kwamba kuna kampuni mbili zimekaa zikaamua nani kati ya waandishi anastahili kulala usingizi.

Wiki mbili tu baada ya kusaini, Ballmer akiwa Seattle akasema Linux inatumia mali ya ubunifu ya Microsoft, na kwamba kampuni zinazotumia Linux isiyo ya SUSE zinabeba deni ambalo halimo kwenye vitabu vyao vya hesabu. Tarehe 20 Novemba Hovsepian ikabidi aandike barua ya wazi kukana kwamba Novell imekubali kuwa Linux inavunja patenti za mtu. Akawa amechelewa. Hela ilishalipwa, picha zilishapigwa. Mei 2007 wanasheria wa Microsoft wakaliambia jarida la Fortune kwamba programu huria zinakanyaga patenti zao 235, na orodha ya hizo patenti hawakuitoa. Ni sawa na njia ya kisimani ambayo kijiji kizima kinapita miaka yote, jirani mmoja anaanza kudai imekatiza shamba lake, hati haonyeshi, halafu mmoja wa wanakijiji mwenye uwezo anaenda kumlipa kimya kimya ili watoto wake wasisumbuliwe. Watoto wake watapita kweli. Ila kuanzia kesho yake yule jirani ana risiti ya kuwaonyesha wengine wote.

Matokeo yakawafikia watu ambao hata hawakuwa kwenye ugomvi. Jeremy Allison, mmoja wa waandishi wakuu wa Samba (programu nitakayoieleza mbele kidogo), alikuwa ameajiriwa Novell, Desemba 2006 akaacha kazi kwa sababu ya mkataba huo akaenda Google. Free Software Foundation ya Richard Stallman, shirika linaloitunza GPL, ilikuwa tayari inaandika GPL toleo la 3, ikabidi iongeze vifungu kwa ajili ya madili ya namna hii, na toleo lilipotoka tarehe 29 Juni 2007 likasema ukipanga kinga ya patenti kwa baadhi ya wanaoipokea programu basi kinga hiyo inawafikia wote, na likazuia mipango ya aina ya Novell iliyofanywa kuanzia tarehe 28 Machi 2007. Microsoft nayo Julai ikatangaza kwamba vocha zake hazihusu chochote kilicho chini ya GPL 3. Kwa hiyo mteja aliyenunua vocha ili apate amani akaishia kuuliza maswali ambayo hakuwa nayo kabla. Juni hiyo hiyo Xandros na Linspire, kampuni nyingine za Linux, wakasaini mikataba yao na Microsoft, Red Hat na Ubuntu ya Canonical wakakataa. Leo mtajie kijana wa seva majina Xandros na Linspire uone kama anayajua. Red Hat waliokataa ndo wakawa kampuni ya kwanza ya programu huria kuvuka mapato ya dola bilioni 1 kwa mwaka, 2012.

Na Novell je? Novemba 2010 ikatangazwa kuuzwa kwa Attachmate kwa dola bilioni 2.2, na patenti zake 882 zikapangiwa kwenda kivyake, kwa dola milioni 450, kwa kundi lililoitwa CPTN ambalo ndani yake walikuwa Microsoft, Apple, Oracle na EMC. Patenti za kampuni iliyosaidia kuanzisha ngao ya Linux! Aprili 2011 Idara ya Sheria ya Marekani ikaingilia, ikalazimisha masharti yabadilishwe ili patenti hizo zibaki chini ya GPL 2 na chini ya leseni ya Open Invention Network. Serikali ndo iliyotulinda siku ile, mkataba wa 2006 haukuwa na mstari hata mmoja wa kutulinda.

Nitasema na la upande wa pili maana ni haki. SUSE ilibaki hai, 2011 Microsoft ikaongeza vocha za dola milioni 100, na sikatai kwamba hela hizo zilisaidia kulipa mishahara ya watu walioandika msimbo ambao naufaidi mpaka leo. Ila angalieni vizuri hela ya maana ilitoka wapi, ilitoka kwenye vocha, yaani kwenye huduma. Kipande cha patenti kingeweza kukosekana na vocha zikauzwa vile vile.

Sasa chukueni dili lingine, na mpinzani yule yule, mwaka mmoja tu baadaye. Samba ni ile programu inayofanya seva ya Linux ionekane na kompyuta za Windows kama vile ni seva ya Windows, unafungua folda, unaprinti, hujui hata nyuma kuna nini. Andrew Tridgell aliianza Australia mwanzoni mwa miaka ya 90, na kwa miaka mingi wenzake na yeye walijifunza itifaki za Microsoft, yaani kanuni ambazo kompyuta zake zinawasiliana kwazo, kwa kuangalia tu data inayopita kwenye waya na kukisia. Machi 2004 Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachosimamia ushindani wa biashara, ikaipiga Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya hizo itifaki kwa washindani, Microsoft ikakata rufaa, Septemba 2007 ikashindwa mahakamani. Desemba 2007 ndo likasainiwa dili ninalolisemea, kati ya Microsoft na shirika dogo lisilo la faida linaloitwa Protocol Freedom Information Foundation, kwa niaba ya Samba na programu huria nyingine. Hapo Microsoft haikulipa, upande wa Samba ndo uliolipa, euro 10,000 mara moja basi, hakuna malipo kwa kila nakala.

Angalieni walichopata. Nyaraka zenyewe zikabaki siri, lakini msimbo utakaoandikwa na mtu aliyezisoma uko huru kuchapishwa chini ya GPL na kumfikia yeyote. Leseni ya patenti hawakununua, hawakukubali chochote kuhusu patenti, ila Microsoft ililazimika kuzitaja kwa namba zile inazodai zinahusika, ili mwandishi ajue pa kukwepa. Yaani lile ambalo Novell hawakulipata pamoja na milioni zote zile, orodha, hawa walilipata. Na mkataba wakauweka hadharani, mtu yeyote ausome, Tridgell mwenyewe akaandika maelezo ya kuufafanua kwa watu wa kawaida. Desemba 2012 ikatoka Samba 4.0 yenye uwezo wa kusimama kama seva kuu ya Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi, kitu ambacho kabla ya hapo ulikuwa lazima ununue Windows Server. Ofisi nyingi ndogo ambazo hazina bajeti ya leseni zinaendeshwa na hiyo kitu leo, na hakuna hata moja inayohitaji kuwa mteja wa fulani ili iwe na kinga.

Mtaniambia Samba walikuwa na Tume ya Ulaya nyuma yao, nyie hamna. Kweli. Lakini kuandika mkataba unaomfikia kila mtu, kuukatalia mlango wa patenti, na kuuchapisha, hayo matatu hayahitaji mahakama, yanahitaji mtu mmoja kwenye meza anayesema hapana hapa sipiti.

Kuna dili lingine ambalo halina kelele kama la Novell ila kwetu huku lilitugusa karibu zaidi, la MySQL. MySQL AB ya Sweden walikuwa na databesi, programu ya kuhifadhi taarifa, iliyopendwa dunia nzima, lakini injini yake ya kazi nzito, InnoDB, ilikuwa ya kampuni ndogo ya Finland inayoitwa Innobase, wao waliitumia kwa mkataba. Oktoba 2005 Oracle, yaani mpinzani mkubwa kabisa kwenye databesi, akainunua Innobase. Hakuinunua MySQL, alinunua kile MySQL isichoweza kuishi bila. Mwaka 2006 MySQL wakaenda kuongeza mkataba na mtu ambaye anashindana nao kila siku, na hawakuwa na namna. Sun wakainunua MySQL 2008 kwa dola bilioni 1, Oracle wakainunua Sun, Januari 2010 ikakamilika, na sasa databesi na injini vyote viko nyumba moja. Tume ya Ulaya ilisita ikaruhusu, Oracle ikatoa ahadi kumi za miaka mitano. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alishapiga kelele na kuanzisha MariaDB kutoka kwenye msimbo ule ule.

Kwa nini nasema ilitugusa? OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulikuwa unatumika Eldoret, Kenya, tangu 2006 na ukasambaa nchi nyingi za Afrika, na chini yake kulikuwa na MySQL. Kumbukumbu za watu wanaotumia dawa za kila siku, miaka na miaka ya vipimo, zimekaa ndani ya databesi ambayo hatma yake ilijadiliwa California na Brussels. Hakuna mtu wa Eldoret aliyeulizwa, na sitegemei mtu apande ndege kuja kuwauliza. Nilichotegemea ni kwamba waliokuwa ndani ya chumba wajue kuna watu wa namna hiyo wanaegemea ukuta huo. Bahati nzuri leseni ya GPL iliwaacha na mlango, MySQL ikaendelea, MariaDB ipo, wagonjwa hawakupoteza kitu. Kilichowaokoa ni leseni ambayo mtu aliiheshimu.

Na ndo maana haya ya miaka ya karibuni yananiuma zaidi, kwa sababu sasa leseni yenyewe ndo inayoguswa. Elastic Januari 2021 wakabadilisha leseni ya Elasticsearch, programu yao ya kutafuta taarifa, isiwe huria tena, wakilalamika AWS wanauza huduma ya programu yao bila ushirikiano wowote, AWS wakachukua msimbo wa zamani wakaanzisha OpenSearch. HashiCorp wakafanya hivyo 2023, watu wakaanzisha OpenTofu. Redis Machi 2024, ikazaliwa Valkey. Elastic 2024 na Redis 2025 wakarudi wakaongeza AGPL, leseni huria iliyo ndugu ya GPL, nawapongeza kwa kurudi. Malalamiko yenu kuhusu makampuni ya klaudi, yale yanayokodisha kompyuta zao kupitia mtandao, nayaelewa kabisa, mtu anachuma kwako mabilioni na wewe hakupi kitu, na lile la Google la Aprili 2019 la kukaa na Elastic, MongoDB, Confluent, Redis Labs na wenzao wengine watatu, wakagawana mapato ya huduma kwenye klaudi yake, lilionyesha inawezekana kukaa na mkubwa mkagawana hela bila kugusa haki za mtumiaji. Lakini mlipobadilisha leseni, nyie kina Elastic na HashiCorp mliweza kwa sababu kila aliyewachangia mlimsainisha karatasi ya kuwapa nyie haki juu ya msimbo wake. Alisaini akiamini mtaulinda. Mkautumia kama silaha kwenye ugomvi wenu na AWS, na yeye hakuwa na ugomvi na mtu.

Mistral na nyie nawataja kwa upendo maana kazi yenu ya Septemba 2023, ile modeli ndogo ya akili mnemba mliyoiachia chini ya leseni huria ya Apache 2.0, vijana wengi waliipakua wakajifunzia. Februari 2024 mkatangaza ushirikiano na Microsoft, siku hiyo hiyo mkatoa Mistral Large iliyofungwa. Kufunga ni haki yenu, mmeijenga wenyewe. Ninachowaomba ni muwaambie watu mapema kipi kitabaki wazi na kipi hakitabaki, kwa maandishi, kabla ya mtu kujenga kampuni yake juu yenu.

Tukubaliane kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi. Novemba 2015 Red Hat na Microsoft walisaini, Red Hat Enterprise Linux ikaingia Azure, klaudi ya Microsoft, mafundi wa pande mbili wakakaa ofisi moja kusaidia wateja, na upande wa patenti wakakubaliana tu kutoshitakiana wala kushitaki wateja kipindi cha ushirikiano, wakasema wazi kwamba hakuna anayekubali uhalali wala thamani ya patenti za mwenzake. Mimi ningependa zaidi, ningependa kinga ile imfikie kila anayetumia msimbo ule, lakini angalau risiti hawakuitoa. Halafu Oktoba 2018 Microsoft yenyewe ikajiunga na Open Invention Network ikiwa na patenti zaidi ya 60,000. Kile ambacho Novell walikinunulia wateja wao peke yao kwa miaka mitano kikawa cha yeyote anayejiunga, bure, kupitia chombo kile kile ambacho Novell walikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza. Sijui kama mnaiona hii kama ninavyoiona mimi. Miaka kumi na mbili ya vitisho, ya wateja kuogopa, ya watu wazuri kuacha kazi, na mlango ulikuwepo toka mwanzo.

Kwa hiyo rasimu hiyo iliyopo mezani, wakuu, itazameni tena. Kama kuna sehemu inasema mpinzani hatawashitaki wateja wenu, iandikwe upya iseme hatamshitaki yeyote anayetumia au kusambaza msimbo huo, na akikataa, ondoeni hiyo sehemu yote muuze huduma. Kama anadai ana patenti, azitaje kwa namba ndani ya mkataba. Kama kuna kipande cha teknolojia mnachokitegemea na mwenyewe anaweza kununuliwa na mpinzani kesho asubuhi, hicho ndo cha kushughulikia kabla ya kupiga picha za pamoja. Waiteni watunzaji wa miradi, hata wasio waajiriwa wenu, wasome rasimu kabla ya kusainiwa, sio siku ya tangazo, mkihofia siri wasainisheni kutunza siri, wengi watakubali. Na ile karatasi mnayowasainisha wachangiaji, iongezeeni mstari mmoja unaosema msimbo wao hautatolewa kamwe kwa leseni isiyo huria peke yake, Free Software Foundation wamekuwa wakiwaahidi wachangiaji wao jambo la aina hiyo kwa miaka mingi na hawajafilisika.

La mwisho ni uwazi. Mkataba wa Novell ulisainiwa Novemba 2006, maandishi yake yakaonekana Mei 2007 kwenye taarifa ya mwaka iliyopelekwa kwa tume ya masoko ya hisa ya Marekani, miezi sita na zaidi, na hata hapo kuna sehemu zilikuwa zimefutwa wino. Watu wakawa wanabishana nusu mwaka juu ya karatasi ambayo hawajaiona. Mikataba mipya iwekeni hadharani siku ile ile mnayotangaza, toeni bei kama lazima, lakini vifungu vya patenti na vya leseni vibaki vinasomeka neno kwa neno. Na nyie mlioirithi SUSE na mafaili yake, mkataba ule muda wake uliisha zamani na waliousaini hawapo tena ofisini, zile sehemu zilizofutwa zirudisheni tuzisome.

Ni mimi, fundi seva,
Morogoro, Tanzania